Tathmini ya huduma: Ofisi ya kuandaa na kuhifadhi hati za zabuni karibu na Kibuye, Kisumu

Mjini Kisumu hakuna upungufu wa mahali pa kuchapisha nyaraka. Kuanzia Barabara ya Oginga Odinga hadi upande wa soko la Kibuye, kila baada ya milango michache utamkuta kijana ameketi nyuma ya kompyuta, mashine ya kutoa kopi ikinguruma pembeni, na tangazo mlangoni likiahidi msaada wa iTax (mfumo wa kodi wa mtandaoni), eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) na zabuni. Ofisi ninayoitathmini hapa ni ya aina nyingine, ingawa kwa nje haitofautiani sana na hizo. Iko ghorofa ya kwanza ya jengo lisilo na makuu karibu na Kibuye, inaendeshwa na mama aliyewahi kufanya kazi katika masjala ya idara ya serikali, akisaidiwa na vijana wawili, na kazi yake kuu si kuchapisha bali kutunza kumbukumbu za wafanyabiashara wadogo wanaoomba zabuni za umma. Jina la ofisi sitalitaja kwa sababu mwenyewe aliniomba nisilitaje. Wateja alionao wanamtosha, na hataki kupokea kazi asiyoweza kuisimamia kwa macho yake. Ninaandika ili wafanyabiashara wenzangu wa Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega wajue huduma ya namna hii inapaswa kuwa na nini, wakiitafuta kokote waliko.

Mimi ni mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ndogo ya wanawake inayouza vyakula vikavu kwa taasisi za umma: mchele wa Ahero, maharagwe, mahindi, sukari na mafuta ya kupikia. Tunashindania zaidi zabuni zilizotengwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, makundi ambayo sheria inataka yatengewe angalau asilimia 30 ya ununuzi wa umma. Nimekuwa mteja wa ofisi hii kwa muda wa kutosha kuuona mzunguko wote, yaani kutafuta tangazo, kuwasilisha zabuni, kushindwa, kushinda, kupeleka bidhaa, na kule kungoja malipo ambako kila anayeuzia serikali anakufahamu.

Jambo ambalo wengi wanaoingia katika biashara hii hawaambiwi mapema ni kwamba bei nzuri na mchele msafi havisomwi na mtu yeyote mpaka karatasi zipite. Kamati ya tathmini huanza na masharti ya lazima: cheti cha usajili wa kampuni, cheti cha KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) cha kuthibitisha kwamba kodi zimelipwa, hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, kibali cha biashara cha kaunti, fomu zilizotiwa sahihi na muhuri, viapo vya kutojihusisha na ufisadi, na mengineyo kadiri taasisi inavyotaka. Katika hatua hiyo hakuna anayepewa alama nusu. Hati ipo au haipo, na isipokuwapo mzabuni anatolewa kabla bei yake haijalinganishwa na ya mwingine. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, inataka pia mwaliko wa zabuni uweke sharti la mzabuni kupiga nambari kurasa zote za zabuni yake kwa mfululizo. Sharti hili linaonekana dogo, lakini nimeshuhudia kampuni zenye magari na maghala zikitolewa kwa sababu kurasa chache katikati ya kitabu hazikuwa na nambari, huku mfanyabiashara aliyepakia gunia zake kwenye tuktuk akiendelea.

Hapa ndipo ofisi hii inapoonyesha ufundi wake, na ningependa kueleza kwa kina jinsi wanavyofanya. Hati za asili zikishatolewa kopi, na zile zinazohitaji kuthibitishwa na wakili zikishathibitishwa, hupangwa kwa kufuata utaratibu uleule wa orodha ya masharti iliyo ndani ya kitabu cha zabuni, wala si kwa kufuata mazoea ya ofisi au ya mteja. Kisha huletwa mashine ndogo ya chuma ya kugonga nambari, ile ambayo tarakimu zake hujisogeza zenyewe kila inapogongwa, na kijana mmoja hugonga kila ukurasa kuanzia wa jalada la ndani: karatasi za kutenganishia sehemu, kurasa tupu, na hata nyuma ya karatasi ikiwa nyuma hiyo ina maandishi. Akimaliza haendi kubaindi. Humwita mwenzake, wakakaa pande mbili za meza. Mmoja anafunua karatasi, mwingine anasoma nambari kwa sauti, na mama mwenye ofisi anafuatilia kwenye jedwali la yaliyomo ambalo limeonyesha kila sharti la lazima linapatikana ukurasa gani. Nambari ikirukwa au ikijirudia, kitabu kizima kinagongwa upya. Sijawaona wakisahihisha kwa kalamu juu ya nambari iliyogongwa, kwa sababu, kama mama alivyonieleza, mtu akiona nambari iliyofutwa na kuandikwa tena hawezi kujua kama karatasi hiyo iliingizwa kabla au baada ya zabuni kufungwa.

Baada ya hapo kitabu chote huskaniwa kikiwa tayari na nambari zake, kabla hakijatiwa kwenye bahasha na kupigwa lakiri. Hii ndiyo hatua ambayo vibanda vingine vya kuchapisha havifanyi, kwa sababu mteja haioni thamani yake siku hiyo. Anakimbizana na saa, maana zabuni ikichelewa hata dakika chache hurudishwa bila kufunguliwa. Nakala iliyoskaniwa baada ya kugongwa nambari ni ushahidi wa kile hasa ulichowasilisha. Nakala ya hati zako zilizo kwenye kompyuta nyumbani haithibitishi hilo, kwa sababu haionyeshi zilivyokaa ndani ya kitabu wala idadi ya kurasa zake. Ofisi humpa mteja pia kipande cha karatasi chenye jina la zabuni, nambari yake, idadi ya kurasa za kitabu cha asili na za nakala, na tarehe, na hurudia idadi hiyo ndani ya barua ya kuwasilisha zabuni.

Faida ya kipande hicho tuliiona katika ufunguzi wa zabuni ya taasisi moja ya umma hapa mjini. Sheria inataka kamati ya ufunguzi iwe na watu wasiopungua watatu, na angalau mmoja wao awe hahusiki moja kwa moja na uchakataji wala tathmini ya zabuni hizo. Kamati hutoa nambari ya utambulisho kwa kila zabuni, huandika idadi ya kurasa zilizopokewa, husoma jina la mzabuni na bei mbele ya waliohudhuria, kisha huandaa kumbukumbu za kikao. Zabuni yetu ilipofika mezani, katibu alisoma bei sawasawa, akataja kwamba kurasa ni 96, akaiweka kando. Mwenzetu aliyetuwakilisha alikuwa na kile kipande mkononi, nacho kilisema kurasa 112. Akasimama kwa adabu na kusema, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kurasa zetu zihesabiwe tena kabla hamjaandika." Mwenyekiti, na ninamsifu kwa hilo, hakukasirika. Kitabu kilifunuliwa upya, ikaonekana kwamba hesabu zetu za fedha zilizokaguliwa, ambazo zilikuwa zimebaindiwa peke yake na kuambatishwa mwishoni, hazikuhesabiwa. Kumbukumbu zikarekebishwa hapohapo na wanakamati wakatia sahihi.

Naomba msomaji atafakari kwamba kama kumbukumbu zingebaki na 96, basi kurasa 16 za mwisho zingekuwa hazina baba wala mama. Kamati ya tathmini ingezikuta ndani ya kitabu na kujiuliza zimeingiaje. Mshindani angeweza kudai zilipenyezwa baada ya ufunguzi. Na sisi tungekuwa tunabishana na karatasi ya serikali iliyotiwa sahihi na watu watatu. Kosa la kuhesabu halikuwa na hila yoyote ndani yake, lakini likishaandikwa kwenye kumbukumbu rasmi huwa na nguvu kuliko ukweli wenyewe. Hii ndiyo sababu ninasisitiza kwamba utunzaji wa kumbukumbu haupaswi kuachiwa karani kana kwamba ni kazi ya baada ya zabuni. Ni sehemu ya ushindani wenyewe, na upande wowote ukiufanya kwa ulegevu, haki ya mtu inaweza kupotea bila mtu yeyote kukusudia.

Huduma ya pili ninayoithamini ni kitabu cha tarehe. Ni daftari kubwa la jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula, na kila mteja ana kurasa zake zinazoonyesha kila cheti, nambari yake, siku kilipotolewa na siku kinapoisha. Cheti cha KRA hudumu miezi 12, na kamati za tathmini huweza kukihakiki mtandaoni, kwa hiyo kopi ya cheti kilichokwisha haimfichi mtu. Vitabu vingi vya zabuni hutaka CR12 iliyotolewa karibuni. Leseni na vibali navyo vina siku zake. Mwaka mmoja mama alinipigia simu asubuhi akaniambia, "Mama, cheti chenu cha ushuru kinaisha tarehe 14 mwezi ujao, na zabuni ya hospitali inafungwa tarehe 20. Tuanze leo, maana kama kuna ritani haijajazwa, iTax haitawapa kipya mpaka ijazwe." Ritani moja ilikuwa kweli haijaingia kwenye mfumo kwa upande wa mhasibu tuliyemlipa, na marekebisho yake yalichukua karibu muda wote uliobaki. Bila daftari lile tungegundua siku ya kufunga kitabu.

Daftari hilo lina pia mpangilio wa kazi zilizokwisha kufanywa, na sehemu hii ndiyo inayogusa mfuko wa mfanyabiashara kwa muda mrefu zaidi. Taasisi nyingi hutaka uthibitisho kwamba umewahi kuuza bidhaa za aina hiyo, na sheria inairuhusu kamati kufanya uchunguzi wa ziada juu ya aliyeonekana kufaa, ikiwemo kuwauliza wale aliowahi kufanya nao kazi. Mfanyabiashara wa kawaida hapa kwetu hutunza LPO (hati ya taasisi ya kuagiza bidhaa) kwa sababu anaamini ndiyo yenye pesa, kisha anaacha hati ya kufikisha mzigo ipotelee kwenye gari la kukodi. Ofisi hii hukataa kufungua jalada la kazi lisilo na mnyororo mzima: barua ya kupewa zabuni, barua ya kukubali, mkataba au LPO, hati ya kufikisha mzigo yenye jina, sahihi na muhuri wa aliyepokea, cheti cha kamati ya ukaguzi na upokeaji, ankara yenye muhuri wa siku iliyopokewa, na ushahidi wa malipo yakishafika. Kamati ya ukaguzi na upokeaji imewekwa na sheria ileile ya 2015, na cheti chake ndicho kinachotenganisha mzigo uliofika na mzigo uliokubaliwa. Mchele unaweza kuwa umeshapikwa na kuliwa na wanafunzi, lakini kama hakuna karatasi inayosema ulikaguliwa ukakubaliwa, mhasibu wa taasisi hana msingi wa kukulipa, na akija mhasibu mwingine baada ya huyo hana hata kumbukumbu ya uso wako.

Wapo wanaodhani kwamba hati za kazi iliyokwisha zinaweza kutupwa baada ya miaka michache. Sheria inaitaka taasisi inayonunua itunze kumbukumbu za kila ununuzi kwa muda usiopungua miaka 6, na wafanyabiashara wengi huchukua muda huo kana kwamba ndio mwisho wa mambo. Mwaka 2023 serikali ya kitaifa iliunda kamati ya kuhakiki madeni yake yaliyolimbikizwa, chini ya uenyekiti wa Edward Ouko, aliyewahi kuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na madeni yaliyotakiwa kuhakikiwa yalianzia mwaka 2005 hadi 2022. Mtu aliyefikisha bidhaa mwaka 2006 alitakiwa kuthibitisha deni lake miaka 17 baadaye, wakati ambapo taasisi yenyewe haikubanwa tena na ile miaka 6. Aliyekuwa na mnyororo wa karatasi alikuwa na la kusema. Aliyekuwa na LPO peke yake alikuwa na kazi kubwa. Mama wa ofisi hii hatupi jalada la kazi ambayo haijalipwa, liwe la mwaka gani, na ninadhani msimamo huo peke yake unatosha kumfanya mtu alipe ada ya mwaka.

Nije kwenye kushindwa, kwa maana wanaoomba zabuni hushindwa mara nyingi kuliko wanavyoshinda, na namna ya kushindwa ina utaratibu wake. Taasisi inapomjulisha aliyeshinda inapaswa wakati huohuo kuwajulisha walioshindwa, pamoja na sababu. Anayeona ameonewa ana siku 14 za kupeleka malalamiko yake mbele ya Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma, na Bodi inapaswa kumaliza shauri ndani ya siku 21. Siku 14 si nyingi kwa mtu aliye Kisumu ambaye barua yake imekaa kwenye sanduku la posta au kwenye barua pepe isiyofunguliwa. Kwa sababu hiyo ofisi hii hugonga muhuri wa tarehe kwenye kila barua siku inapofika, hutunza bahasha yake, huchapisha barua pepe ikiwa na siku na saa iliyotumwa, na huandika kwa wino mwekundu ukingoni siku ya mwisho ya kulalamika. Wateja wengi hawalalamiki, na ni sawa, kwa kuwa gharama za Bodi na wakili zinaweza kuzidi faida ya zabuni ya magunia ya maharagwe. Lakini wanaamua kutolalamika wakiwa na tarehe mkononi, badala ya kushtuka siku zikiwa zimekwisha.

Kuna haki nyingine ambayo haitumiki ipasavyo, na ofisi hii imeifanya kuwa desturi. Mkataba ukishatolewa, au mchakato ukisimamishwa, mtu aliyewasilisha zabuni anaweza kuomba kumbukumbu za ununuzi huo, na taasisi inaweza kumtoza ada isiyozidi gharama ya kuzitoa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na wenye gharama nafuu. Ofisi ina barua fupi, ya ukurasa mmoja, isiyo na maneno ya hasira, inayoomba muhtasari wa tathmini na ulinganisho wa zabuni. Tumeitumia kwa taasisi mbili. Ya kwanza ilitujibu vizuri. Tukaona kwamba tulivuka hatua zote na tukashindwa kwa bei ya mchele peke yake, jambo lililotufanya tukubaliane upya na wakulima wa Ahero kabla ya msimu uliofuata. Ya pili ilitujibu kwa maneno, kaunta, kwamba jalada liko kwa wakaguzi. Tuliporudi jalada lilikuwa bado kwa wakaguzi, na hatukuambiwa liliondoka lini wala nani alilitia sahihi likitoka. Siwezi kusema kwamba tulinyimwa haki katika zabuni ile; ninachosema ni kwamba hakuna mtu, hata mkuu wa taasisi yenyewe, anayeweza kuthibitisha kwamba hatukunyimwa.

Hasara ya jalada lisiloonekana haiishii kwa mzabuni. Malalamiko yakifika kwenye Bodi, mchakato unasimama, na taasisi inatakiwa kuwasilisha nyaraka za zabuni: tangazo, kumbukumbu za ufunguzi, ripoti ya tathmini yenye sahihi za wanakamati, maoni ya kitaalamu ya mkuu wa ununuzi, na barua za kuwajulisha wazabuni. Afisa aliyefanya kazi kwa uadilifu lakini akaacha kumbukumbu zisizo na tarehe au ripoti isiyo na sahihi moja, anajikuta akitetea uamuzi wake bila ushahidi. Zabuni ikirudiwa, hospitali inakaa bila vyakula vya wagonjwa au inanunua kidogo kidogo kwa bei ya juu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye hana njia nyingine ya kujua kama shilingi ya umma ilitumika vizuri isipokuwa kupitia karatasi hizohizo. Mama wa ofisi hii aliniambia kwamba alipokuwa masjala, alijifunza kutambua idara zitakazopata shida ya ukaguzi kwa kuangalia jambo moja tu: kama kuna daftari la kuazimia majalada, na kama linajazwa. Nimeanza kuliangalia daftari hilo kila ninapoingia ofisi ya ununuzi, na ninaamini alikuwa anasema kweli.

Sasa niseme kasoro za huduma hii, kwa sababu zipo na moja ni nzito. Ofisi hupokea wateja wanaoomba zabuni ileile. Mama anasema kila jalada lina kabati lake lenye ufunguo, na kwamba karatasi ya bei huwa inajazwa na mteja mwenyewe kwa mkono wake na kuingizwa mwisho, bila vijana kuiona. Nimeona ni kweli kwa upande wetu. Hata hivyo, vitabu viwili vilivyopangwa na mkono mmoja, vyenye mtindo mmoja wa jedwali na barua zenye maneno yaleyale, vinaweza kuifanya kamati ishuku kwamba wazabuni wamekula njama, na kula njama katika zabuni ni kosa kisheria. Ningependa ofisi ichukue mteja mmoja tu kwa kila zabuni, au angalau imwambie mteja wa pili wazi kabla hajalipa. Nimelisema hili kwa mama mwenyewe, akalisikiliza, ila mpaka ninapoandika hajabadilisha utaratibu.

Kasoro nyingine ni ya usalama wa nakala. Skani za wateja zote zimo katika kompyuta moja na diski moja ya nje, na zote mbili zinalala katika chumba kimoja. Moto au mwizi mmoja atamaliza kazi ya miaka. Aidha, majalada haya yana nakala za vitambulisho vya wakurugenzi, taarifa za benki na nambari za pini za kodi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu awe na msingi halali wa kufanya hivyo na azilinde. Fomu ya idhini niliyopewa kutia sahihi ilikuwa ya mistari miwili. Ni bora kuliko kutokuwa nayo, lakini haitoshi.

Kuna jambo ambalo baadhi ya wateja hulihesabu kuwa kasoro na mimi nalihesabu kuwa sifa. Ofisi hii haitengenezi hati. Ukimwendea mama na kumwomba abadilishe tarehe ya cheti, au akuandikie barua ya mapendekezo kutoka shule ambayo hukuwahi kuiuzia, atakurudishia jalada lako na pesa zako. Kutoa taarifa za uongo kuhusu sifa za kampuni kunaweza kumfanya mzabuni azuiwe kushiriki ununuzi wa umma kwa muda usiopungua miaka 3, na mzigo huo unamwangukia mwenye kampuni wala si aliyemchapishia. Nimesikia watu ngazini wakilalamika kwamba mama ni mgumu. Ninawaomba waendelee kwenda kwake.

Wengine wataniuliza kama huduma hii itakuwa na maana zabuni zikihamia mtandaoni, hasa baada ya Hazina ya Taifa kutaka mfumo wa kielektroniki utumike kuanzia Julai 2025, hatua iliyozua ubishi uliofika mahakamani. Kwa maoni yangu mashine ya kugonga nambari itapumzika, lakini daftari la tarehe halitapumzika. Mfumo utakuuliza cheti kilekile, utakukataa kwa tarehe ileile iliyopita, na siku ya kudai malipo utahitaji hati ya kufikisha mzigo iliyotiwa sahihi kwenye lango la shule na mtu aliyesimama pale. Kinachobadilika ni kwamba skani mbaya, iliyokatwa pembeni au isiyosomeka muhuri, itakuwa na madhara makubwa zaidi, kwa sababu hakuna atakayeishika mkononi kuigeuza kwenye mwanga. Vijana wa ofisi hii huskani vizuri, ila kasi ya mashine yao ni ndogo, na wiki ambazo kaunti na mashule hufunga zabuni kwa pamoja foleni hushuka hadi kwenye ngazi.

Kuhusu malipo, sisi hulipa ada ya mwaka ya shilingi 6,000 kwa kutunziwa jalada na daftari la tarehe, kisha kila kitabu cha zabuni hulipiwa kulingana na kurasa zake, kopi na kubaindi vikiwa kwa bei ya kawaida ya mjini. Ada za wakili, za eCitizen na za serikali hulipwa na mteja mwenyewe moja kwa moja, na risiti zake huingia kwenye jalada. Anayeomba zabuni moja kwa mwaka pengine hahitaji ada hiyo; anunue daftari, arithi utaratibu nilioueleza, na aombe mtu wa pili amsomee nambari za kurasa kabla ya kubaindi. Anayeomba zabuni nyingi, au anayedai taasisi za umma pesa za zamani, ataona thamani yake mapema. Ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Ukienda mara ya kwanza, beba hati za asili na si kopi, nenda angalau wiki mbili kabla ya zabuni kufungwa, na usiache kubeba hati za kufikisha mzigo hata zile zilizochakaa, kwa sababu ndizo mama atakazoziuliza kwanza.